Kura ya Ndoa ya Ireland, 1937 hadi 2015

Ijumaa ya tarehe 22 Mei 2015, wananchi wa Ireland walipiga kura kuamua kama katiba yao iruhusu ndoa ya watu wawili bila kujali jinsia zao. Nchi kadhaa zilikuwa zimekwisha kuruhusu ndoa ya aina hiyo, kuanzia Uholanzi mwaka 2001, lakini kote huko uamuzi ulitolewa na wabunge au majaji. Ireland ilikuwa nchi ya kwanza kuupitisha kwa kura ya wananchi wote. Katika daftari walikuwamo wapiga kura 3,221,681, na asilimia 60.52 kati yao walijitokeza. Ndiyo ilipata kura 1,201,607, sawa na asilimia 62.07, na Hapana ikapata 734,300. Matokeo hayo hayawezi kueleweka bila kuangalia mambo mawili yaliyoyatangulia: jinsi Ireland ilivyojifunza, kwa miaka mingi na kwa uchungu, kujadili ndoa hadharani, na jinsi wapiga kura walivyotafutwa mmoja mmoja kabla daftari halijafungwa.

Chanzo cha kura yenyewe ni Katiba ya mwaka 1937, iliyoandikwa chini ya uongozi wa Éamon de Valera. Kifungu cha 41 kinaitaja familia kuwa msingi wa jamii na kuiagiza dola iilinde ndoa kwa uangalifu wa pekee. Kifungu hicho hicho kilipiga marufuku talaka. Hakikutamka kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, kwa kuwa mwaka 1937 hakuna aliyedhani kwamba jambo hilo lingehitaji kutamkwa, na mahakama ziliendelea kukisoma kwa maana hiyo. Katiba hiyo haibadilishwi na Bunge peke yake. Muswada ukishapita Bungeni lazima upelekwe kwa wananchi, na wingi wa kura zilizopigwa ndio unaoamua. Hakuna kiwango cha chini cha waliojitokeza. Hata wakipiga kura watu wachache sana, matokeo ni halali, na ndiyo sababu kila kampeni ya katiba nchini humo huwa pia kampeni ya kuwatoa watu majumbani.

Kanisa Katoliki lilikuwa na mkono katika kila fungu la maisha ya nchi hiyo: shule, hospitali, malezi, maziko. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanalijua Kanisa hilo kwa njia nyingine, kwa kuwa mapadri na masista wengi waliofungua shule na zahanati Kitui, Turkana na kwingineko walitoka Ireland. Sensa ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba asilimia 84 ya wakazi bado walijiita Wakatoliki. Sheria zilizoharamisha mapenzi ya wanaume kwa wanaume, hata hivyo, hazikutungwa na Kanisa wala na taifa huru. Ziliachwa na Waingereza, moja ya mwaka 1861 na nyingine ya 1885, nazo ziliendelea kutumika miongo mingi baada ya uhuru.

Mtu aliyezipinga sheria hizo mahakamani ni David Norris, mhadhiri wa fasihi wa Trinity College mjini Dublin ambaye baadaye alikuwa seneta. Mahakama ya Juu ilimkatalia mwaka 1983 kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Akaipeleka kesi Strasbourg, kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na mwaka 1988 akashinda. Serikali ilikaa na hukumu hiyo miaka mitano. Mwaka 1993 Waziri wa Sheria, Máire Geoghegan-Quinn, alipeleka Bungeni muswada wa kuzifuta sheria hizo, na Rais aliyetia saini alikuwa Mary Robinson, ambaye kabla ya kuingia Ikulu aliwahi kuwa wakili wa Norris katika kesi hiyo hiyo.

Mjadala wa ndoa wenyewe ulianzia kwenye talaka. Mwaka 1986 serikali iliwaomba wananchi waondoe marufuku ya talaka. Kampeni ilipoanza uchunguzi wa maoni ulionyesha kwamba wengi wanakubali, lakini wiki chache tu za mabishano juu ya mashamba, urithi na wake watakaoachwa bila kitu zilitosha kuwageuza, na asilimia 63.48 wakapiga Hapana. Swali liliporudi tarehe 24 Novemba 1995, Ndiyo ilishinda kwa asilimia 50.28. Tofauti ilikuwa kura 9,114 katika nchi nzima. Waliojitokeza walikuwa asilimia 62.15, na mara nyingi husemwa kwamba mvua kubwa iliyonyesha siku hiyo upande wa magharibi, ambako Hapana ilikuwa na nguvu, iliwazuia baadhi ya wapiga kura kutoka. Kila mwanasiasa wa Ireland aliyeishi mwaka huo aliondoka na somo moja: uungwaji mkono unaoonekana mapema huyeyuka, na kura chache za kijiji kimoja zinaweza kubadilisha katiba.

Mwaka huo wa 1995 uliacha pia jambo lililobadilisha namna ya kujadili. Siku chache kabla ya kura, Mahakama ya Juu ilikubaliana na Patricia McKenna, mwanasiasa wa chama cha Kijani, kwamba serikali haina haki ya kutumia fedha za umma kuupigia debe upande mmoja katika kura ya katiba. Fedha hizo ni za wote, wa Ndiyo na wa Hapana. Miaka mitano baadaye, katika kesi iliyofunguliwa na mhadhiri Anthony Coughlan, mahakama hiyo ilikosoa muda usio sawa ambao shirika la utangazaji la taifa, RTÉ, lilizipa pande mbili za talaka. Matangazo ya kisiasa ya kulipia yalikuwa yamepigwa marufuku tangu zamani kwenye redio na televisheni. Kutokana na hukumu ya McKenna ilizaliwa, kwa sheria ya mwaka 1998, Tume ya Kura ya Maoni, chombo huru kilichokuwa kikiwaeleza wananchi swali linahusu nini bila kuwaambia wapige kura vipi. Pengine hakuna nchi ya Ulaya inayouwekea mjadala wa kura ya maoni masharti makali kuliko haya. Masharti hayo yalikera kila upande kwa zamu yake, lakini ndiyo yaliyofanya mwaka 2015 mtu wa Hapana asikike kila usiku hewani ingawa karibu viongozi wote wa nchi walikuwa wa Ndiyo.

Swali la ndoa ya jinsia moja liliingia mahakamani kupitia wanawake wawili, Katherine Zappone na Ann Louise Gilligan, waliofunga ndoa Vancouver, Kanada, mwaka 2003 na kutaka itambuliwe nyumbani kwa ajili ya kodi. Desemba 2006 Mahakama Kuu iliwakatalia. Bunge likatafuta njia ya kati: sheria ya mwaka 2010 ilianzisha muungano wa kiraia, uliowapa wapenzi wa jinsia moja sehemu kubwa ya haki za wanandoa bila jina wala ulinzi wa katiba. Wapo walioona hapo ndipo mwisho. Wengine waliona kwamba hadhi inayotolewa na Bunge inaweza kuondolewa na Bunge.

Serikali ya muungano ya vyama vya Fine Gael na Labour iliyoingia mwaka 2011 haikukubaliana ndani yake juu ya suala hilo, ikaliweka mikononi mwa Kongamano la Katiba. Kongamano hilo lilikuwa na wajumbe 100: mwenyekiti Tom Arnold, wanasiasa 33, na raia 66 waliochaguliwa kwa bahati nasibu ili wafanane na taifa kwa umri, jinsia na eneo. Katika kikao cha Aprili 2013 walisikiliza wanasheria, maaskofu, na vijana waliolelewa na wazazi wa jinsia moja, kisha wakapiga kura. Asilimia 79 walitaka katiba ibadilishwe. Raia wa kawaida, wengi wao wasio na historia yoyote ya harakati, walikuwa wamekaa na hoja zote mbili siku mbili nzima na kufikia uamuzi ambao wabunge waliuogopa. Novemba mwaka huo serikali ikatangaza kwamba kura ya maoni ingefanyika mwaka 2015.

Mwanzoni mwa 2014 mjadala ulilipuka. Rory O'Neill, msanii anayepanda jukwaani kwa mavazi ya kike na kwa jina la Panti Bliss, alihojiwa kwenye RTÉ akawataja baadhi ya waandishi na taasisi ya Iona, iliyopinga ndoa ya jinsia moja, kuwa wana chuki dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Waliotajwa walidai kuchafuliwa majina, na RTÉ ikawalipa euro 85,000. Malipo hayo yalizua swali lililofika hadi Bungeni: nani mwenye haki ya kusema chuki ni nini, yule anayeipata au yule anayeshutumiwa kuwa nayo? Tarehe 1 Februari Panti alitoa hotuba katika ukumbi wa Abbey Theatre mjini Dublin akieleza maisha ya mtu anayejichunga kila anapotembea barabarani asijulikane. Mamia kwa maelfu ya watu waliitazama kwenye mtandao.

Sentensi iliyopendekezwa kuingizwa katika katiba ilikuwa fupi: watu wawili wanaweza kufunga ndoa kwa mujibu wa sheria bila kujali jinsia zao. Kabla ya kampeni kuanza rasmi, serikali ilipitisha sheria nyingine kubwa ya watoto na mahusiano ya kifamilia, iliyoshughulikia malezi na uasili wa watoto, ili mambo hayo yawe yamekwisha amuliwa kabla ya siku ya kura. Hata hivyo upande wa Hapana ulijenga kampeni yake juu ya mtoto. Mabango yake, yaliyofungwa kwenye nguzo za taa kutoka Dublin hadi vijiji vya Mayo, yalidai kwamba mtoto anastahili baba na mama, na yalionya kuhusu wanawake wanaolipwa kubeba mimba za wengine. Jaji Kevin Cross, mwenyekiti wa Tume ya Kura ya Maoni, alilazimika kueleza zaidi ya mara moja kwamba kura haikuhusu uasili wala biashara ya kubeba mimba. Hoja za Hapana hazikuwa zote za dini. Taasisi ya Iona ya David Quinn ilisema kwamba ndoa ina kazi yake ya pekee ya kuwaunganisha watoto na wazazi wao wa damu, na mmoja wa wasemaji wa Hapana, Keith Mills, mwenyewe alikuwa mpenzi wa jinsia moja aliyeona muungano wa kiraia unatosha. Upande huo ulilalamika pia kwamba mashirika ya Ndiyo yalijengwa kwa miaka mingi kwa fedha za Atlantic Philanthropies, mfuko wa tajiri wa Marekani. Ufadhili huo ulikuwapo kweli, na lilikuwa jambo la haki kuuliza.

Maaskofu waliwataka waumini wapige Hapana, na barua zao zilisomwa makanisani. Lakini sauti ya Kanisa haikuwa na uzito wa mwaka 1986. Ripoti za serikali juu ya mapadri waliowadhulumu watoto, na juu ya viongozi waliowaficha, zilikuwa zimetoka mfululizo kwa miaka kumi, na mzazi aliyezisoma hakuwa tayari kupokea somo la familia kutoka altareni bila kuuliza. Mapadri wachache na Sista Stanislaus Kennedy, aliyeheshimiwa nchini kote kwa kazi yake kati ya wasio na makazi, walisema wazi kwamba wangepiga Ndiyo.

Upande wa Ndiyo, uliokusanyika chini ya jina la Yes Equality na kuongozwa na Brian Sheehan na Gráinne Healy, ulifanya uamuzi mmoja wa busara: kuacha lugha ya haki na sheria, na kuwaomba watu wasimulie maisha yao. Basi lao lilizunguka kaunti baada ya kaunti. Wazazi wazee walisimama kwenye kumbi za vijiji kuzungumzia watoto wao. Januari 2015 Waziri wa Afya, Leo Varadkar, alisema redioni kwamba yeye ni mpenzi wa jinsia moja. Wiki ya mwisho mwandishi wa siasa Ursula Halligan aliandika gazetini jinsi alivyoificha hali yake tangu akiwa msichana wa shule. Rais mstaafu Mary McAleese, Mkatoliki mcha Mungu na msomi wa sheria za Kanisa, alisema anapiga Ndiyo kama mama. Vyama vyote vikubwa viliunga mkono Ndiyo, ingawa si kwa juhudi sawa: siku chache baada ya kura, seneta Averil Power alijiuzulu kutoka chama cha Fianna Fáil akilalamika kwamba wenzake wengi hawakutoka nje kufanya kampeni.

Yote hayo yangekuwa maneno matupu bila daftari. Kura mbili za maoni zilizotangulia zilikuwa zimewaogopesha waandaaji: mwaka 2012, juu ya haki za watoto, walijitokeza asilimia 33.49 tu, na mwaka 2013, juu ya kufuta Seneti, asilimia 39.17. Waliokaa nyumbani zaidi walikuwa vijana, na vijana ndio walioiunga mkono Ndiyo kwa wingi. Wengi wao hawakuwamo kabisa katika daftari, au walikuwamo kwa anwani ya wazazi wao, kilomita 200 kutoka chuoni. Ndiyo maana umoja wa wanafunzi wa Ireland ulianza kuandikisha watu vyuoni tangu Novemba 2014, wakati kura ilikuwa bado miezi sita mbele. Siku ya Ijumaa yenyewe ilipendelewa kwa sababu humkuta mwanafunzi njiani kurudi kwao.

Aliyechelewa alikuwa na nafasi moja ya mwisho, daftari la nyongeza, lililofungwa tarehe 5 Mei. Masharti yake yalihitaji subira. Mtu alichukua fomu, akaenda nayo kituo cha polisi pamoja na kitambulisho, akaitia saini mbele ya askari, askari akaithibitisha kwa saini na mhuri, kisha fomu ikapelekwa ofisi ya halmashauri. Katika siku za mwisho misururu ya vijana ilitoka nje ya milango ya vituo vya polisi. Zaidi ya watu 60,000 waliingia katika daftari hilo, idadi iliyozidi kwa mara nyingi ile kura 9,114 iliyoamua talaka. Wanaharakati wa mwaka 2015 walizijua namba zote mbili.

Kundi la pili lililohitaji kutafutwa lilikuwa ng'ambo. Mgogoro wa uchumi wa mwaka 2008 uliwasukuma vijana wengi wa Ireland kwenda London, Sydney, Toronto na hata Ghuba. Sheria haiwapi raia wa kawaida walio nje kura ya posta. Anayekusudia kurudi ndani ya miezi 18 anaweza kubaki katika daftari, lakini lazima afike mwenyewe kituoni. Basi wakaja. Alhamisi na Ijumaa treni kutoka London kwenda bandari ya Holyhead na meli za kuvuka hadi Dublin zilijaa watu wenye vibandiko vya Ndiyo vifuani, na uwanja wa ndege wa Dublin ulipokea wengine waliovuka bahari kuu kwa ajili ya alama moja ya X. Idadi yao haikurekodiwa popote, na haikuwa ndiyo iliyoleta ushindi. Lakini picha zao zilioneshwa nchini siku nzima ya kura, na kwa mtu aliyekuwa bado sebuleni kwake, dakika tano kutoka kituoni, zilikuwa ni aibu.

Vituo vilifunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku. Mpiga kura alikabidhiwa karatasi mbili, kwa kuwa siku hiyo liliulizwa pia swali la kushusha umri wa mgombea urais kutoka miaka 35 hadi 21. Kila karatasi ilikuwa na maneno yake kwa Kiayalandi na Kiingereza na visanduku viwili, Tá kwa Ndiyo, Níl kwa Hapana. Asilimia 73.06 walikataa suala la umri. Watu wale wale walioingia kwa wingi kusema Ndiyo kwenye karatasi moja walisema Hapana kwenye nyingine, ushahidi kwamba walijua walichokiendea.

Nchini Ireland kura huhesabiwa kesho yake, kwa mkono, na kuna mila ya kale inayofanya matokeo yajulikane kabla hayajatangazwa. Masanduku yanapofunguliwa saa tatu asubuhi, mawakala wa vyama na kampeni huinamia vizuizi vya meza za kuhesabia wakiwa na karatasi na kalamu. Kila karatasi ya kura inapokunjuliwa, wakala huchora kistari upande wa Ndiyo au Hapana, sanduku kwa sanduku, kituo kwa kituo. Jumamosi tarehe 23 Mei vistari vilikuwa vimekwisha sema kabla ya saa nne. David Quinn aliwapongeza wapinzani wake asubuhi hiyo hiyo, tendo la uungwana ambalo pande zote zililitambua. Vistari hivyo vilionyesha pia kwamba mitaa ya wafanyakazi ya Dublin, ambayo kwa kawaida hujitokeza kidogo, ilikuwa imetoka na kupiga Ndiyo kwa wingi.

Kati ya majimbo 43, moja tu lilikataa: Roscommon–South Leitrim, kwa asilimia 51.42. Donegal South-West ilikubali kwa tofauti ya kura 33. Dublin South-East ilikaribia asilimia 75. Askofu Mkuu wa Dublin, Diarmuid Martin, alikiri kwamba Kanisa linapaswa kujitazama upya, kwa kuwa vijana hao walipita katika shule zake kwa miaka 12. Kardinali Pietro Parolin wa Vatikani alitamka kwamba hilo ni pigo kwa binadamu wote.

Kanuni ya kiwango cha chini cha wanaojitokeza imezipa nchi nyingine matokeo tofauti kabisa kwa swali lile lile. Slovakia ilipiga kura Februari 2015 kuizuia ndoa ya jinsia moja, na wengi mno wa waliopiga walikubali, lakini walijitokeza asilimia 21.4 tu huku sheria ikitaka nusu, na kura ikabatilika. Romania mwaka 2018 ilihitaji asilimia 30 na kupata 21.1, kwa kuwa wapinzani walikaa nyumbani makusudi. Kroatia, isiyo na kiwango, iliiweka ndoa ya mume na mke katika katiba mwaka 2013 kwa mahudhurio ya asilimia 37.9. Palipo na kiwango, kutopiga kura ni silaha. Pasipo na kiwango, kama Ireland, aliyebaki nyumbani amewaachia wengine waamue. Kenya ilifuata njia nyingine: kifungu cha 45 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu mzima haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti, lakini kifungu hicho hakikuulizwa peke yake, kilipita pamoja na katiba nzima tarehe 4 Agosti 2010, kwa zaidi ya theluthi mbili ya kura.

Baada ya mahakama kutupilia mbali mapingamizi, Rais Michael D. Higgins alitia saini marekebisho tarehe 29 Agosti 2015. Sheria ya ndoa ilianza kutumika tarehe 16 Novemba, na siku iliyofuata ndoa ya kwanza ilifungwa Clonmel, kaunti ya Tipperary. Njia iliyotumika, yaani raia wa bahati nasibu kwanza, kisha kura, ilitumika tena kwa utoaji mimba mwaka 2018, na waliojitokeza wakafika asilimia 64.13. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 2022 iliondoa safari ya kituo cha polisi, na sasa mtu hujiandikisha kwenye mtandao wakati wowote wa mwaka. Tarehe 8 Machi 2024 Kifungu cha 41 kilirudishwa tena kwa wananchi, safari hii kupanua maana ya familia. Vyama vikubwa vilisema Ndiyo kama mwaka 2015, lakini kampeni ilikuwa fupi na watu wachache walibisha hodi milangoni. Walijitokeza asilimia 44.36, na asilimia 67.69 kati yao walipiga Hapana.